Breki kabla ya nguvu: kuandaa Impreza ya barabarani kwa siku ya sakiti

Mwenye Subaru Impreza ya turbo anayetaka kuipeleka kwenye sakiti, yaani njia maalumu ya mbio za magari, kama ile ya Whistling Morans, Athi River nchini Kenya, kisha Jumatatu aende nayo kazini, mara nyingi huanza kwa kuulizia turbo kubwa zaidi au bomba la moshi lenye mngurumo. Ningemshauri aziweke fedha hizo kando kwanza. Nguvu zilizomo ndani ya injini hiyo zinatosha kwa dereva anayejifunza. Kinachopungua ni uwezo wa gari kuhimili joto, na mahali pa kwanza joto hilo linapoleta hatari ni kwenye breki.

Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo gari linalokwenda kilomita 140 kwa saa hubeba nishati karibu mara mbili ya lile linalokwenda 100. Kila unapokaribia kona, pedi na diski huigeuza sehemu kubwa ya nishati hiyo kuwa joto, na katika sakiti fupi kona nyingine hufika kabla diski hazijapoa.

Anza na mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka: mafuta ya daraja la DOT 4 (daraja huandikwa kwenye chupa) hutakiwa kuhimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho ni 155 tu, wakati DOT 5.1 hutakiwa kufikia 260 na 180. Yakichemka, mvuke hujaa kwenye mfumo, na kwa kuwa mvuke hubonyea, pedali huzama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Zingatia pia kwamba DOT 5, isiyo na “.1” mwishoni, ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine.

Kazi ya kuyabadilisha inafanyika nyumbani, mradi sakafu iwe ngumu na tambarare, na gari likae juu ya stendi zilizowekwa mahali palipoonyeshwa kwenye kitabu chake, si juu ya jeki peke yake. Vua gurudumu, chomeka mpira mwembamba unaopitisha mwanga kwenye skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), na mwisho wake uuzamishe kwenye chupa yenye mafuta safi kidogo. Msaidizi akanyage pedali na kuishikilia; wewe fungua skrubu robo mzunguko, ufunge, ndipo umruhusu aachie. Akiachia kabla hujafunga, hewa itavutwa ndani na mtarudia. Endelea mpaka rangi ya kahawia iishe na viputo visionekane tena, huku ukiongeza mafuta kwenye kopo la mafuta ya breki lililo juu, chini ya boneti, ili lisikauke. Mpangilio wa magurudumu ufuate kitabu cha gari, kwa sababu si kila mfumo huanza na gurudumu la mbali zaidi. Mafuta yakidondokea rangi ya bodi, yaoshe kwa maji mara moja.

Magurudumu yakiwa bado nje, kagua mipira ya breki kama ina nyufa, na upime diski dhidi ya unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, ulioandikwa juu yake. Pedi zilizobaki chini ya nusu zibadilishwe kabla ya kwenda. Chagua zinazofaa barabarani na sakiti kwa pamoja. Pedi za mashindano halisi hazishiki vizuri zikiwa baridi, na hilo ni hatari asubuhi unapotoka nyumbani.

Oili ya injini iwe mpya na ifike alama ya juu ya dipstiki, kwani katika kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja na pampu inaweza kuvuta hewa. Maji ya rejeta na mipira yake vikaguliwe pia.

Ndani ya gari toa kila kinachoweza kuruka, pamoja na zulia la dereva, ambalo linaweza kuteleza chini ya pedali. Mkanda wa kiwandani uache ulivyo: mikanda ya mashindano hutegemea kiti na fremu maalumu, na kuifunga bila hivyo kunaweza kuongeza majeraha. Isome pia bima yako, maana bima za kawaida aghalabu hazigharamii ajali ya mbio.

Ukiwa sakiti, paka chaki kwenye bega la kila tairi, yaani pale uso wa kukanyagia unapokutana na ubavu, uendeshe mizunguko michache, kisha uangalie ilikofutika. Ikifutika hadi kwenye ubavu, tairi linalalia upande na upepo umepungua. Isipofika ukingo wa kukanyagia, umezidi. Pima matairi yakiwa ya moto, kwa kuwa presha hupanda yanapopashwa.

Mzunguko wa mwisho uwe wa polepole, karibu bila breki, na ukiegesha usivute hendibreki: iache gia ikiwa imeingia na uweke kigingi gurudumuni. Kabla ya kurudi barabarani, magurudumu yakishapoa, kaza nati kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu, kisha kanyaga pedali gari likiwa limesimama. Ikiwa inabonyea kama sifongo, gari lipakiwe kwenye breakdown (lori la kubebea magari mabovu) mpaka upepo utolewe upya.