Kufundisha kikapu cha kasi timu ya sekondari: kazi yote iko kwenye ile sekunde mpira unapobadilisha mikono

Kama unafundisha timu ya sekondari hapa Dar na unataka icheze kikapu cha kukimbiza, kushambulia mwanzo mwisho, usianze kwa kuwazungusha madogo uwanja mzima mpaka watapike. Pumzi itakuja yenyewe ndani ya drili. Anza na sekunde moja tu, ile ambayo mpira unabadilisha mikono. Yani wapinzani wameshuti wamekosa, mwenzetu kadaka ribaundi, sasa wale wanne waliobaki wanafanya nini? Timu nyingi za shule wanasimama wanaangalia, au wote wanne wanamkimbilia mwenye mpira wanapiga kelele "leta leta" kama makonda wa Mbagala wanavyogombania abiria. Timu ya kasi hiyo sekunde kila mtu ameshajua pa kwenda, na hatua zake tatu za kwanza anazipiga kwa nguvu zote. Hizo hatua tatu ndo zinamuacha anayekukaba, ukishampita hapo hata kama huna spidi ya ajabu yeye yupo nyuma na anakimbiza mgongo.

Naipenda hii staili kwa shule kwa sababu inaendana na hali yetu. Vipindi vinaisha mchana, kuna tuisheni, kuna wa Gongo la Mboto anayetakiwa kuwahi daladala, ukipata siku tatu kwa wiki kuanzia saa kumi mpaka kumi na mbili kasoro umepata. Na fomu foo wakishafika mtihani wa taifa Novemba hao wameondoka, Januari unaanza na sura mpya. Kwa muda huo kuwafundisha michoro kumi ya kucheza nusu uwanja haiwezekani, wataikariri na kwenye mechi wataisahau. Halafu utakayokutana nayo zaidi kwenye mechi za shule ni zoni ya 2-3, yani kila mtu anakaba eneo lake, wawili mbele watatu chini ya ringi, na zoni inahitaji watu watano wawe wamerudi na kujipanga, sasa ukifika kabla hawajajipanga hiyo zoni haipo.

Kingine ni urefu. Makocha wanakaa wanasubiri mtu mrefu. Hasheem Thabeet ana mita 2.21, katoka hapahapa Dar akachaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA ya 2009 na Memphis Grizzlies, ila mtoto wa hivyo hutamkuta kwenye paredi ya asubuhi kila mwaka. Ulionao ni madogo wa urefu wa kawaida wenye miguu myepesi, fundisha hao.

Haya, njia. Chukua chaki uchore sakafuni kabisa, njia tatu, mbili za pembeni na moja ya katikati. Namba 1 ni pointi gadi, anapokea mpira. Namba 2 anakimbia pembeni kulia, namba 3 pembeni kushoto, na nikisema pembeni namaanisha hatua moja kutoka mstari wa nje, sio katikati karibu na mwenzake, maana wakibanana mtu mmoja anawakaba wawili. Namba 5 anakimbia moja kwa moja mpaka chini ya ringi bila kuangalia nyuma mpaka avuke mstari wa katikati. Namba 4 anakuja nyuma, wa mwisho, na huyu wa mwisho watu wanamdharau wakati ndo anayepata shuti safi kuliko wote, kwa sababu wakabaji wote wameshazama chini kuzuia leyapu, yani ile shuti ya karibu na ringi ukiwa unakimbia. Wakubwa wawili wanabadilishana, 5 akidaka ribaundi basi 4 ndo anakimbilia ringi na 5 anakuja nyuma. Mpangilio wa namba wa aina hii sio wangu, kocha Paul Westhead aliutumia na Loyola Marymount kule Marekani na msimu wa 1989-90 walikuwa na wastani wa pointi 122.4 kwa mechi. Wanafunzi wa chuo hao, ila mpangilio wenyewe ni rahisi hata fomu wani anaushika wiki ya kwanza.

Pasi ya kutoka kwenye ribaundi ifundishe kwa subira, hapa usiharakishe. Anayedaka ageukie nje, upande wa mstari wa pembeni, asigeukie katikati kwenye msitu wa mikono. Pointi gadi asiende kuuchukua mpira mikononi mwa mwenzake, asimame usawa wa mstari wa mitupo huru karibu na pembeni, mgongo uangalie nje, ili kwa mkupuo mmoja aone anayempa mpira na aone ringi ya mbele. Gadi wengi wa shule wanapokea wameangalia ringi yao wenyewe, halafu wanageuka, halafu wanadribo mbili za kutafuta balansi, na hapo mashambulizi yameshakufa. Akipokea akiwa ameshajigeuza, swali lake la kwanza ni moja, kuna mtu mbele yuko wazi? Kama yupo pasi iende sasa hivi. Uwanja ni mita 28, pasi nzuri inakata nusu yake kabla dogo hajadribo mara ya tatu. Kama hakuna, ndo adribo, na adribo kwa kusukuma mpira mbele, sio kuuchezea chini ya miguu.

Na mkifungwa je? Hapo wengi wanapumzika, wanatembea wakilaumiana nani kaachia mtu. Kwenye sheria za FIBA saa haisimami mkifungwa, isipokuwa dakika 2 za mwisho za robo ya nne na za muda wa ziada, kwaiyo kila sekunde mnayolaumiana inaenda na wenzenu waliofunga bado wanashangilia hawajarudi. Namba 4 audake mpira ukitoka tu kwenye nyavu, atoke nje ya mstari kwa miguu yote miwili, asogee pembeni kidogo ili pasi isigonge bodi, arushe. Sheria inampa sekunde 5, nyie mpeni 2. Baada ya kufungwa anaruhusiwa kukimbia kwenye mstari wa mwisho, asisahau hilo akikabwa. Na waambie madogo, nyie mkifunga msiuguse mpira kuwachelewesha wenzenu, refa akishaonya mara moja inayofuata ni faulo ya teknikali.

Drili sasa. Ninayoiamini zaidi ni ya watu 11. Watatu wanaanza katikati na mpira, kila ringi kuna wakabaji wawili, na kila upande wa uwanja huo kuna wawili pembeni wanasubiri pasi, mmoja kulia mmoja kushoto. Watatu wanashambulia wawili. Yeyote atakayedaka mpira, iwe ribaundi au umetoka kwenye nyavu, anatoa pasi kwa mmoja wa pembeni na wale wawili wa pembeni pamoja naye wanakuwa watatu wapya wanaenda ringi ya pili, na wanne waliobaki wanajaza nafasi, wawili kukaba wawili pembeni. Haisimami. Inahitaji mpira mmoja tu, na hili kwa shule zetu ni kubwa maana kuna shule ina mipira mitatu na mmoja umevimba. Wakishambulia watatu kwa wawili mara nyingi bila kufunga, tatizo karibu kila siku ni mwenye mpira anapita mpaka chini ya ringi badala ya kusimama kwenye mstari wa mitupo huru akamlazimisha mkabaji wa mbele aamue.

Nyingine, wacheze watano kwa watano nusu uwanja kawaida, we mwalimu ukipiga kelele "acha!" mwenye mpira anauweka chini palepale, timu ya kukaba inaokota na kuondoka. Wale waliokuwa wanashambulia ghafla wanatakiwa warudi. Hii inafundisha ile sekunde kuliko maneno yoyote utakayoongea, utaona kabisa nani kichwa chake kinachelewa na nani kinawahi, na mara nyingi sio yule uliyemdhania. Siku nyingine wacheze uwanja mzima bila dribo hata moja. Mwanzo vurugu, baada ya siku chache wanaanza kukimbilia nafasi wenyewe.

Leyapu za mkono wa kushoto, kila siku, kwa spidi ya mechi. Sitaeleza sana ila usiruke.

Kuhusu shuti, timu ya kasi isiyo na sheria ya shuti inageuka kuwa timu ya kutupatupa. Kaa na kila dogo, chora uwanja kwenye daftari, weka alama sehemu ambazo yeye mazoezini anafunga kweli, hizo ndo zake na akiwa wazi hapo ashuti bila kuniangalia mimi benchi. Nje ya hapo apasie. Mstari wa pointi tatu ni mita 6.75, mtoto wa kidato cha pili hana nguvu ya kufika bila kuharibu mkono wake, ila kule kona ni 6.60, kidogo karibu, basi kama una mtu wa pointi tatu namba 2 na 3 wakimbilie kona. Leyapu ruhusa kwa wote muda wote. Mpira ukifika mbele na hakuna kitu, usilazimishe, uhamishe upande wa pili angalau mara moja, zoni ikisogea mwanya unatokea.

Na hapa kuna jambo makocha tunatakiwa kuwa nalo makini. Ukicheza haraka mipira itapotea, haikwepeki. Amua mapema ipi unaikubali na uwaambie. Pasi ya mbele kwa mtu aliyekuwa wazi ikatoka nje kidogo, piga makofi, mwambie jaribu tena. Pasi ya kukatiza mbele ya ringi yenu wenyewe, kaa benchi dakika mbili ufikirie. Ukimfokea dogo kwa pasi ya mbele iliyokosea mara moja, mechi nzima hatapasia mbele tena na staili yako umeiua mwenyewe kwa mdomo wako.

Kukaba ndo kunaleta mipira ya kukimbia nayo. Anza na presi ya uwanja mzima baada ya kufunga, yani kuwakaba tangu wanaporusha mpira, 1-2-1-1 ukiwa na mtu mwenye mikono mirefu wa kumsumbua anayerusha, au 2-2-1 kama bado wanajifunza maana hii ina usalama zaidi nyuma. Lengo sio kunyang'anya. Lengo ni kuwapeleka kona wakutane na watu wawili, maana wana sekunde 8 kuvuka katikati, na wakivuka tu hawaruhusiwi kurudi, kwaiyo ile kona ya baada ya mstari wa katikati ni mtego mzuri kuliko yote, mistari miwili inakusaidia kukaba. Wanaotega wanatumia miguu na kifua, mikono juu. Dogo akinyoosha mkono chini anakata, faulo, na timu ikishafikisha faulo 4 kwenye robo, ya tano wanapewa mitupo huru miwili, mchezo unasimama na kasi yako yote imekwisha. Wa nyuma kabisa asitoke kwenye ringi yake hata mpira uwe mtamu vipi.

Sasa wachezaji. Huwezi kucheza hivi na watano. Una 12 kwenye orodha, tumia angalau tisa au kumi, kila mtu dakika tatu nne za moto kisha atoke kabla hajachoka, sio baada ya kuchoka. Kocha David Arseneault wa Grinnell College, chuo cha Marekani, alikuwa anabadilisha watano wote kwa mpigo, kundi linatoka kundi linaingia. Kwa shule mi nashauri badilisha wawili watatu na usiwatoe pointi gadi wote wawili pamoja. Sabu wawe wameshakaa mezani wanasubiri mpira ufe, wakianza kuvua tisheti wakati refa kashapiga filimbi umechelewa. Kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, mechi zinafuatana siku kwa siku na hapo ndo utajua faida yake, wenzako wanabeba watano waliochoka na wewe watu wako bado wana miguu. Na yule dogo wa tisa anayejua ana dakika zake hakosi mazoezi.

Afya usiipuuze. Sementi ya saa kumi jioni bado inachemka, hasa kuanzia Desemba mpaka Machi, na unyevu wa Dar jasho halikauki. Maji kila baada ya robo saa bila mtu kuomba ruhusa. Dogo akiacha kutoa jasho, akaanza kuyumba au kuongea vitu havieleweki, mtoe kivulini, mmwagie maji mwili mzima, muite msaada, mechi baadaye. Mwezi wa Ramadhani usiwakimbize waliofunga, wape mitupo huru na kutembea kwenye njia zao taratibu, au hamishia mazoezi baada ya futari kama kuna taa na wazazi wamekubali. Fagia uwanja kabla, vumbi juu ya sementi na raba zilizoisha soli ndo magoti yanapoondokea.

Ukipata jioni ya ligi ya mkoa wapeleke wakaangalie watu wazima, wape kazi kila mmoja amfuatilie mchezaji mmoja tu wa namba yake, na asiangalie mpira, aangalie yule mtu anafanya nini mpira ukibadilisha mikono.

Dakika za mwisho mkiwa mnaongoza, msiache kukimbia, ila badilisha sheria moja. Shuti za nje zimefungwa, ni leyapu peke yake, isipopatikana gadi anarudi nje, watu wanatawanyika, mnachezea saa mpaka zibaki sekunde saba nane kwenye zile 24 za kila shambulizi ndo mnashambulia tena. Lifanyieni mazoezi hili kila Ijumaa kwa dakika tano, weka matokeo ya kubuni, mnaongoza kwa pointi nne, zimebaki dakika mbili, cheza.