Shombo huko chini: mambo ya kuzingatia kabla hujaenda kupima

Wadada, tukienda kupima BV (bakteria wabaya wakizidi ukeni, ndo shombo linaanza), kosa letu karibu wote ni moja, kujiosha. Unajua nesi ataangalia huko, aibu inakushika, unachemsha maji na baridi hii ya Mbeya, sabuni, vidole mpaka ndani, na wengine wanaongezea shabu juu, sasa ukifika maabara wachukue kipimo gani wakati ushahidi wote umeumwaga bafuni? Mimi yalinikuta, nikaambiwa niko poa, nikarudi Mwanjelwa na shombo langu likarudi siku ya tatu. Osha nje tu, na maji matupu. Siku moja mbili kabla usifanye tendo wala usitumbukize dawa yoyote ukeni, na kama uko period subiri ikate. Ila ukiwa na homa au tumbo la chini linauma sana usisubiri chochote, nenda.

Halafu zijue dalili zako vizuri. BV uchafu wake ni mwepesi, wa kijivujivu, unanuka kama umepita kwenye meza za dagaa jioni, na ukitoka kufanya tendo ndo inazidi. Kuwasha mara nyingi hakuna. Fangasi ndo uchafu mzito kama maziwa mgando na unawasha mpaka kwenye daladala huwezi kukaa. Nasisitiza kwa sababu famasi ukisema tu "natokwa uchafu" unapewa vidonge vya fangasi, nimemeza hivyo mara mbili bure, dawa ya fangasi haigusi bakteria. Huko ukeni kuna bakteria wazuri wanaotunza asidi, wakipungua wale wengine wanajaa, ndo maana maabara wanapima na kikaratasi, pH (kipimo cha asidi, ikipanda ujue asidi imepungua) ikizidi 4.5 wanaanza kushtuka, wanaweka kwenye hadubini.

Dawa ya BV yenyewe mara nyingi ni metronidazole, wengi tunaita Flagyl, miligramu 400 au 500 asubuhi na jioni kwa siku 7. Meza ukishakula, mdomo utakuwa kama umelamba msumari. Wengi wataambiwa waache pombe, so kama una harusi Iringa na ulanzi unakusubiri panga mapema, usiruke vidonge katikati, wala usiache siku ya tatu eti harufu imeisha. Ukiwa mjamzito sema kabla hujaandikiwa, BV inahusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Na inarudi jamani, kwa zaidi ya nusu yetu ndani ya mwaka. Kuna utafiti wa Australia uliotoka 2025, wanawake ambao wanaume zao nao walitibiwa, vidonge na kirimu ya kupaka, ilirudi kwa 35 kati ya 100 ndani ya wiki 12, wale ambao wanaume zao hawakutibiwa ni 63 kati ya 100. Kwa hiyo muulize daktari kuhusu mwenzio, na mwenzio mwambie kabla. Mimi wangu nilimwambia anaendesha pikipiki, nimekaa nyuma, asinitazame usoni.