Kubadili anwani ya MAC kwenye Linux (na BSD kidogo)

Kwanza tuelewane, MAC ni namba inayotambulisha kadi ya mtandao, na hapa huchokonoi kadi yenyewe, ile namba aliyoichoma mtengenezaji inabaki palepale, unachofanya ni kuiambia kernel (kiini cha mfumo) itumie namba nyingine, na ukirestati mashine inarudi ya zamani, kwa hiyo jaribu bila wasiwasi.

Piga `ip link` uone kadi yako inaitwaje, huenda ni eth0, wlan0 au majina marefumarefu kama enp3s0, na anwani iko pembeni ya neno link/ether. Alafu ukiwa root (msimamizi wa mashine), palipo wlan0 weka jina la kadi yako:

`ip link set dev wlan0 down`
`ip link set dev wlan0 address 02:1a:7c:44:9e:05`
`ip link set dev wlan0 up`

Basi, umemaliza. Ila kama umeingia kutoka mbali kwa SSH kupitia kadi hiyohiyo usithubutu, mstari wa kwanza tu unakukata, mimi yalinikuta nikabaki nakodolea skrini iliyoganda mpaka nikainuka kuifuata mashine ilipo. Na hata ukiwa umekaa mbele yake, ukiizima kadi njia ya kutokea nje inafutika, so ukiona imewaka lakini intaneti hamna, omba IP upya kwa DHCP (huduma inayogawa anwani za IP kwenye mtandao).

Sasa namba yenyewe, hapa ndo wengi wanakwama. MAC ni biti 48, yaani baiti 6, lakini huwezi kujiandikia tu chochote. Kwenye baiti ya kwanza, biti ya mwisho kabisa ikiwa 1 hiyo ni anwani ya multikasti, ya kundi, na kernel itakugomea na kukuandikia "Cannot assign requested address". Biti ya kabla yake ikiwa 1 unatangaza kwamba namba hii nimejipangia mwenyewe, haitoki kwenye mafungu ambayo IEEE (shirika la viwango) inawagawia watengenezaji. Hesabu zote hizo achana nazo, we hakikisha tarakimu ya pili ya anwani ni 2, 6, a au e. Ukianza na 02, 5e au da uko salama, ukianza na 03 au 11 inagoma. 00 inakubali ila unaweza kujikuta umevaa namba ya kifaa cha mtu, na vifaa viwili vyenye MAC moja kwenye mtandao mmoja vyote vinakatakata, manake swichi haijui ipeleke data upande gani.

Kero nyingine ni NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao kwenye Linux. Unabadili vizuri, unaunganisha waifai, unaangalia tena unakuta namba si uliyoweka. Usishindane nayo, iambie yenyewe (palipo jina weka jina la muunganisho wako):

`nmcli connection modify "jina" wifi.cloned-mac-address 02:1a:7c:44:9e:05`

Alafu `nmcli connection up "jina"`, na hii haipotei hata ukirestati. Kadi ya waya weka ethernet badala ya wifi. Ukiandika random badala ya namba inakupa mpya kila ukiunganisha, mi napenda stable, inakupa ya uongo lakini ileile kwa muunganisho uleule, ruta haikuoni mgeni kila siku.

Kwa BSD (mifumo mingine ya jamii ya Unix), FreeBSD ni `ifconfig em0 ether` na namba, OpenBSD ni `ifconfig em0 lladdr random`, imeisha.

Ukisahau namba ya asili, `ethtool -P eth0` itakuonyesha.