Somo: kutunga fumbo la chesi lenye panzi na kulipima kwa kompyuta

Chukueni ubao kwanza. Somo hili halieleweki bila kete mkononi.

Panzi ni kete iliyobuniwa na Mwingereza T. R. Dawson mwaka 1913. Anapita njia zote za malkia, lakini hasogei mpaka apate kete ya kuruka. Anairuka, iwe yake au ya adui, na kutua nyumba inayofuata papo hapo. Akikuta adui hapo, anamla. Asipopata cha kuruka, anabaki alipo. Kwenye michoro huchorwa kama malkia aliyepinduliwa kichwa chini, kwa hiyo nyumbani pindueni malkia tu.

Fumbo letu ni la mati ya kusaidiana (mati ni mfalme kushambuliwa bila njia ya kuokoka). Mweusi anaanza, na pande zote mbili zinashirikiana kumfunga mfalme mweusi. Ni aina ya zamani, Mjerumani Max Lange aliitoa mwaka 1854.

Hatua ya 1: anzia mwisho

Usianze kwa kutawanya kete ukisubiri bahati. Weka kwanza picha ya mati. Mimi niliweka mfalme mweusi a8 (herufi ni safu wima, namba ni safu mlalo), askari mweusi a7, mfalme mweupe c7 na panzi mweupe a6. Mfalme mweupe anazilinda b7 na b8. Panzi anamruka askari wa a7 na kumshika mfalme a8. Askari wa mweusi mwenyewe ndiye aliyegeuzwa daraja, na hapo ndipo nilipolipenda fumbo hili.

Sasa jaribuni kumweka panzi a4. Bado anashika, lakini askari anasogea a6, na panzi akiruka sasa anatua a7, si a8. Shambulio limekufa. Panzi akiwa a6 anamziba askari usoni, hivyo hasogei. Kaeni na jambo hili hata dakika kumi, kwa sababu utamu wote wa panzi uko hapa: anayerukwa akisogea, hata kwenye mstari uleule, shambulio linahama.

Hatua ya 2: rudi nyuma hatua moja

Panzi alifikaje a6? Aliruka kitu. Nilimrudisha f1, kwenye mshazari wa f1 hadi a6. Ili atue a6 lazima b5 pawe na kete, na mweusi ndiye ailete. Nikaweka ngome nyeusi h5. Basi: ngome inakwenda b5, panzi anairuka na kutua a6, mati.

Hatua ya 3: kila kete ijieleze

Kwa nini ngome? Malkia akija b5 atamla panzi a6. Tembo vilevile, anakula kwa mshazari. Farasi akifika b5 anampiga mfalme mweupe c7, na panzi hana jibu. Ngome inasimama b5 bila kudhuru kitu. Kete isiyoweza kujitetea namna hii itoeni ubaoni.

Hatua ya 4: ipe kompyuta

Popeye ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa mafumbo ya aina hii. Andika kwenye faili la maandishi matupu:

BeginProblem
Pieces
White Kc7 Gf1
Black Ka8 Rh5 Pa7
Stipulation h#1
EndProblem

K ni mfalme, Q malkia, R ngome, P askari, G ni panzi, na h#1 ni mati ya kusaidiana ya hatua moja. Jibu linatakiwa liwe mstari mmoja tu:

1.Rh5-b5 Gf1-a6 #

Ikitokea mistari miwili, fumbo lako lina uchochoro, yaani njia ya pili usiyoikusudia. Hapo limeharibika, hata kama njia yako ni nzuri kiasi gani.

Hatua ya 5: libomoe mwenyewe

Badilisha R ya h5 iwe Q uendeshe tena. Programu haitaandika njia yoyote, na sasa unajua kwa hakika kwamba malkia hafai. Mtoe askari, sogeza panzi, jaribu kila kitu. Wengi wanaendesha mara moja, wanaona mstari mmoja, wanafunga. Binafsi naona majaribio haya ndiyo yanayomfundisha mtunzi, kuliko lile jibu la kwanza.

MASWALI

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimebadilisha h#1 kuwa h#2 bila kugusa kete, nikapata orodha ndefu. Nimekosea wapi?
Jibu: Marahaba. Hujakosea, umeuona uchochoro kwa macho. Ngome sasa ina hatua mbili za kufika b5, kwa hiyo inaweza kusimama g5, e5 au d5 njiani huku mfalme mweupe akipoteza muda kwa kwenda c8, ambako bado analinda b7 na b8. Kila kituo ni njia mpya. Ukitaka hatua mbili, ongeza kizuizi kinacholazimisha mpangilio mmoja tu.

Swali: Nimeweka farasi kwa herufi N, majibu yananichanganya.
Jibu: Kwenye Popeye farasi wa kawaida ni S. N ni kete nyingine ya Dawson, farasi anayeendelea kuruka mfululizo kwa kufuata mstari uleule. Kosa hili halitoi onyo, kwa hiyo soma ubao unaochorwa juu ya jibu kabla ya kuamini jibu lenyewe.

Swali: Kaka, Stockfish, ile programu ya kucheza chesi ya kwenye simu, haitoshi?
Jibu: Hapana. Yenyewe hutafutia kila upande hatua bora, na hapa mweusi anasaidia kujifunga. Panzi pia haimjui.

Swali: C+ chini ya mchoro ni nini?
Jibu: Kompyuta imelipima ikakuta ni sahihi. Uzuri haumo katika alama hiyo, huo utaupima wewe.

Swali: Nikitunga langu, nitajuaje kama hakuna aliyenitangulia?
Jibu: Kwa fumbo dogo kama hili, tarajia kwamba yupo. Kabla ya kulipeleka kwenye shindano, tafuta kwenye hifadhi ya mafumbo ya Die Schwalbe, chama cha watunzi cha Ujerumani. Iko wazi kwenye intaneti. Tafuta kwa kete na mahali zilipo, na ukikuta la mtunzi mwingine linalofanana na lako, weka jina lake kwanza.