Kupandisha alama za LSAT: daftari la makosa kwanza

Wanafunzi wangu wa LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani na Kanada, huniuliza wafanye majaribio mangapi kwa wiki. Mimi huwauliza daftari la makosa liko wapi.

Tangu Agosti 2024 mafumbo ya mantiki yameondolewa, kwa hiyo sura zake kwenye vitabu vya zamani ziruke. Zimebaki sehemu mbili za hoja na moja ya ufahamu, dakika 35 kila moja, pamoja na nyingine isiyohesabiwa ambayo hutaitambua.

Fanya sehemu moja ukijipima muda. Kabla ya kutazama majibu, rudia bila haraka kila swali ulilosita. Ukipata mara ya pili, shida ni mwendo. Ukikosa tena, hoja hukuielewa. Kisha andika kwa nini jibu baya lilikuvutia. “Sikuwa makini” siipokei! Mara nyingi “baadhi” umeisoma kama “wengi”, au mambo mawili yaliyotokea pamoja umeyafanya chanzo na matokeo.

Usiache swali tupu. Kukosea hakupunguzi alama. LawHub, tovuti ya waandaaji wa mtihani, ina majaribio ya bure, ila yatumie kwa kiasi, yasikuishie mapema.