Kabla Mafuta Hayajafika Korongoni: Maandalizi ya Vijiji vya Dodoma na Singida

Kanuni za kuzuia umwagikaji wa mafuta huonekana kuwa mambo ya watu wa pwani. Mkataba wa MARPOL, yaani mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotoka kwenye meli, kwa mfano, unaitaka kila meli ya mafuta yenye ukubwa wa tani 150 na kuendelea iwe na mpango wa dharura ulioandikwa. Ila mafuta yakishashushwa bandarini, malori huyapitisha Morogoro, Dodoma na Singida yakielekea Rwanda, Burundi na Kongo. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki nalo, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani mkoani Tanga, njia yake inapita Singida, Chemba na Kondoa. Kijiji kilicho kando ya njia hizo kinahitaji mpango wake, nacho ndicho kinachojua ardhi yake kuliko mtu yeyote.

Anzeni kwa kujua mafuta yatakimbilia wapi. Kamati ya maafa ya kijiji itembee barabarani mara baada ya mvua kubwa, maji yakiwa bado yanaonyesha njia yake. Wekeni alama kwenye ramani ya mkono kila kalvati, kila korongo linalopokea maji ya kalvati hiyo, na kila kisima, lambo au mahali pa kunyweshea mifugo vilivyo chini yake. Wakati wa kiangazi hatari huwa kubwa kuliko inavyoonekana. Korongo limekauka, lakini watu wanachimba mchanga wake kupata maji, na dizeli iliyomwagika juu huzama taratibu hadi kukuta maji hayo na kuelea juu yake. Mvua za Desemba zikija, maji hupanda na kuyapandisha mafuta pamoja nayo. Kisima kinaweza kuanza kunuka miezi kadhaa baada ya ajali iliyokwisha kusahauliwa.

Wafundisheni watu kutofautisha mafuta, kwa sababu hatua za petroli si hatua za dizeli. Lori la petroli huwa na namba 1203 kwenye kibao chake, la dizeli 1202. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata asubuhi ya baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujaa mitaroni, na unaweza kufika kwenye jiko la mama lishe lililo mbali na lori. Kwa petroli kazi ya kijiji ni moja tu: kuondoa watu. Waende upande upepo unakotoka, angalau mita 300 kutoka kwenye lori, na mita 800 ikiwa tangi limeshika moto. Pikipiki zisiwashwe, simu ipigwe kutoka mbali, na ipigwe 114 kwa Zimamoto. Asiyeelewa kwa nini tunasisitiza jambo hili akumbuke Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019. Zaidi ya watu 100 walikufa baada ya moto kulipuka wakati watu wakichota petroli kwenye lori lililopinduka. Mgambo na waendesha bodaboda wapewe jukumu la kuzuia wachotaji mapema, kwa majina, wala lisiachwe kwa “mtu yeyote atakayekuwepo”.

Dizeli haiwaki kirahisi hivyo, na hapo wanakijiji wanaweza kuokoa maji yao. Wekeni viroba 60 hadi 70 vya sandarusi, makoleo, turubai na kipande cha bomba la plastiki la inchi 6 chenye urefu wa mita 3 hivi, karibu na kalvati iliyo hatari zaidi. Viroba vijazwe mchanga nusu tu, maana kilichojaa pomoni hakilali vizuri na huacha nyufa. Idadi hiyo inatosha kuziba korongo la upana wa mita 3 kwa kimo cha sentimita 60, tabaka nne, chini pana na juu nyembamba. Turubai litandikwe upande wa juu, yaani maji yanakotoka.

Korongo likiwa na maji yanayotembea, ukuta mtupu hautasaidia. Maji yatafurika juu yake na mafuta yatatangulia. Hapo ndipo bomba linapohitajika. Mdomo wake wa upande wa juu ulazwe chini kabisa, na mdomo wa upande wa pili uinuliwe mpaka chini kidogo ya kimo cha ukuta. Maji yaliyo chini hupita, mafuta yanayoelea hubaki. Kosa la kawaida ni kulaza bomba sawasawa: maji yote hukimbia, kina hushuka, na mafuta huufikia mdomo.

Kwa bomba la mafuta ghafi, kumbukeni kwamba mafuta yake yana nta na hupashwa joto la nyuzi 50 hivi ili yatiririke. Yakitoka na kupoa huganda, kwa hiyo hayaendi haraka kama dizeli. Dalili za kutazama ni udongo mweusi wenye unyevu wa grisi, majani yanayokauka mahali pamoja na harufu. Msichimbe, toeni taarifa.

Kuhusu maji ya kunywa: kuchemsha hakuondoi mafuta, wala dawa ya klorini. Kisima kinachoshukiwa kifungwe, na pampu isiwashwe, maana huvuta mafuta kukielekea.

Jambo la mwisho ni ushahidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka msingi kwamba mchafuzi hulipa, lakini kijiji kisichoweza kuonyesha maji yake yalikuwaje kabla ya ajali hubaki kubishana. Ombeni kupitia RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) maji ya visima vyenu yapimwe sasa, na nakala ya majibu ikae ofisi ya kijiji. Siku ya ajali, sampuli ichukuliwe kwa chupa ya kioo iliyojazwa hadi juu kabisa, kwa sababu plastiki hunyonya mafuta na nafasi ya hewa huruhusu mvuke kutoka. Iandikwe tarehe, saa na jina la kisima, kisha iwekwe kwenye barafu.