Kabla ya Kukata Mabaki ya Akriliki

Mafundi wa vibao vya maduka ndio wenye mabaki mazuri hapa Mombasa, lakini si kila kinachong'aa katika rundo lao ni akriliki, ile plastiki ngumu inayoonekana kama kioo. Kabla ya kulipa, vunja pembe ndogo. Akriliki hukatika kwa mlio mkavu; polikaboneti, plastiki nyingine inayofanana nayo, hupinda tu. Ukibaki na shaka, choma chembe yake nje ya nyumba: akriliki huwaka bila masizi mengi na kunukia kama tunda, ilhali polistaireni, plastiki nyingine ya bei nafuu, hutoa moshi mweusi. Kipande kilichokaa juani miaka mingi kikipata nyufa nyembamba kama nywele, kiache. Hizo hazifutiki.

Stika za zamani zing'oe kwa maji vuguvugu ya sabuni, na gundi iliyobaki iloweke kwa mafuta ya kupikia. Thina, petroli na spiriti visiguse kabisa. Ndivyo vinavyoanzisha nyufa, wakati mwingine siku kadhaa baadaye, nawe umeshasahau ulichopaka.

Akriliki yenye unene wa milimita 3 huhitaji kisu cha kuchania na rula ya chuma tu: pitisha mara 6 hadi 8, kisha uvunje kwenye ukingo wa meza. Ukanda ulio chini ya sentimita 4 hauvunjiki sawasawa, huo tumia msumeno wa meno madogo, polepole, maana ukipata joto plastiki huyeyuka na kujiunga tena nyuma ya msumeno. Ukitoboa, weka ubao chini. Skrubu ya milimita 4 itobolee tundu la 6: akriliki ya mita 1 ikipanda nyuzijoto 30 hurefuka takriban milimita 2, na tundu likiibana itapasuka. Skrubu ziwe za stenlesi, kwa sababu ya chumvi ya baharini.

Unyevu wa pwani ndio mwenye hila zaidi. Akriliki hunywa maji hewani, hivyo ukiipasha hadi nyuzi 150 au 160 ili uikunje, yale maji hutokota ndani na kuacha mapovu. Ikaushe kwanza kwenye nyuzi 75 hadi 80, saa 1 au 2 kwa kila milimita ya unene, katika ovena isiyopikiwa chakula. Jiko la makaa halina kipimo, litaunguza upande mmoja.

Gundi nayo ina saa yake. Daikloromethani, kimiminika kinachoyeyusha akriliki na kuiunganisha, hukauka haraka, hupoza kiungo, umande ukatua na kiungo kikawa cheupe. Gundisha mchana mkavu, si alfajiri wala wakati wa mvua za masika. Huchemka kwenye nyuzi 40, basi chupa ikae kivulini. Fungua madirisha, zima jiko na sigara, kwani mvuke wake ukipita motoni hugeuka sumu kali. Mimina kwenye kikombe cha kioo; vya plastiki vingi hulainika kabla hujapata sindano ya kuivutia.